Nani alinde malori ya vita Afghanistan?

Afghanistan haina bahari. Kwa miaka mingi vita vya Marekani huko vilitegemea bandari ya Karachi: kontena likishushwa, lori lilivuka Pakistan hadi mpaka wa Torkham au Chaman. Hatari iliongezeka likishaingia Afghanistan. Nani alilinde?

Jeshi liliwaachia wakandarasi. Mkataba wa usafirishaji wa dola bilioni 2.16 ulibeba zaidi ya asilimia 70 ya mahitaji ya wanajeshi wa Marekani waliokuwa vituoni, na wenye malori walitakiwa wajitafutie walinzi. Watetezi wa mpango huo wana hoja nzito. Askari anayesindikiza dizeli ameondolewa kwenye mapambano, tena ni shabaha rahisi ya mabomu ya kutegwa. Wasovieti walifanya kinyume chake miaka ya 1980: walijaza vituo vya askari kandokando ya barabara ya Salang inayoelekea Kabul, wakafunga kikosi kikubwa kwenye kazi hiyo, na bado misafara yao iliviziwa na kuchomwa.

Lakini mwaka 2010 uchunguzi wa kamati ndogo ya Bunge la Marekani ulionyesha kwamba fedha za ulinzi zilikuwa zikiwatajirisha wababe wa kivita waliotawala barabara, na huenda nyingine ziliwafikia Taliban. Hapo utetezi unaniponyoka. Mlinzi wa namna hiyo hana sababu ya kutaka barabara itulie, kwa kuwa hofu ndiyo inayomlipa. Na madereva waliouawa hawakuingia kwenye hesabu ya wanajeshi waliokufa, jambo lililofanya vita vionekane nafuu kuliko vilivyokuwa.

Wengine husema dawa ni kuwa na njia nyingi. Novemba 2011 NATO iliua askari 24 wa Pakistan huko Salala, kituo cha Pakistan karibu na mpaka wa Afghanistan. Pakistan ikafunga mpaka kwa miezi saba hivi. Njia ya kaskazini kupitia Urusi na Asia ya Kati iliziba pengo, kwa gharama ya ziada ya takriban dola milioni 100 kwa mwezi. Ilisaidia, ila haikubadili lolote kwenye barabara za ndani.

Kwa maoni yangu, kituo ambacho jeshi halikuweza kukifikishia maji na mafuta kwa ulinzi wake lenyewe kilipaswa kufungwa. Najua wanavijiji walioshirikiana na jeshi hilo wangeachwa wazi, na hilo linaniuma. Hata hivyo, wasingekuwa salama zaidi chini ya mbabe aliyenunuliwa silaha kwa fedha za mkataba.