Kadi Imekataliwa na Wakwe

Shida yangu mimi ilikuwa ndogo tu: waifai polepole. Sikusema haipo, nilisema polepole. Ikaja siku nikaukumbuka ule upolepole mpaka machozi yakanilenga.

Laptopu yangu ni ya 2012. Kadi yake ya waifai, kile kipande cha ndani kinachonasa mtandao, inayajua masafa ya GHz 2.4 peke yake, na huko ndiko walikojazana majirani wote, spika za bluetooth na maikrowevu. Rauta mpya ina GHz 5 pia, kusiko na msongamano huo. Simu yangu inaiona, televisheni inaiona. Laptopu? Kipofu. Nikamuuliza jamaa mmoja anayejifanya anazijua hizi kazi, akasema, "Badilisha kadi, kaka. Dakika kumi tu."

Nikanunua kadi, nikaigeuza laptopu chali. Skrubu 13. Kumi na mbili zikatoka kistaarabu, ya mwisho ikalika kichwa, ikatoka kwa matusi. Ndani nikaikuta kadi ya zamani imeshikwa na nyaya mbili za antena, mweusi na mweupe, vichwa vyake vidogo kuliko cha kiberiti. Unakilenga kichwa wima juu ya kitundu chake, unabonyeza mpaka kilie tik. Ukibonyeza upande, umekipinda. Mweupe ulikubali mara moja. Mweusi nilihangaika nao dakika 40, nimebana pumzi, miwani inateleza puani, mke wangu anapita akiuliza, "Baba, unaitoa chawa?"

Tik! Nikawasha. Skrini nyeusi, maandishi meupe: kadi iliyochomekwa haijaidhinishwa, zima kompyuta uiondoe.

Haijaidhinishwa na nani? Kumbe baadhi ya watengenezaji walificha ndani ya baiosi, ile programu inayoamka kwanza ukiwasha kompyuta, orodha ya kadi wanazozikubali. Isiyomo kwenye orodha, hata iwe nzuri vipi, haivuki kizingiti. Windows yenyewe haipati hata nafasi ya kuiona. Bwana harusi kaja kanyoa, kavaa, wakwe wanamuuliza wewe wa ukoo gani! Laptopu nimenunua kwa hela yangu, dhamana ilishakufa na kuoza, na aliyeiunda bado ananichagulia mkwe. Wapo wanaoichokonoa hiyo baiosi wakaifuta orodha, lakini ukikosea hapo umebaki na sinia. Mimi waya mweusi ulinitoa jasho, baiosi nitaiweza?

Nikarudisha kadi ya zamani kwa unyonge. Katika kubonyeza bonyeza, kichwa cha ule mweusi kikabaki kwenye kucha yangu. Sasa laptopu ina antena moja, na waifai naipata nikikaa karibu na rauta kama mtu anayeota moto.

Sikukata tamaa. Nikanunua adapta ya USB, kidude cha ukubwa wa ukucha, unachomeka yamekwisha. Draiva yake, ile programu inayoifanya kompyuta iielewe adapta, imo kwenye sidii, na sehemu ya sidii ya laptopu yangu iligoma kutema tangu enzi zile. Karatasi ya maelekezo ina jibu: kama huwezi kutumia sidii, pakua draiva kwenye intaneti. Nikaisoma mara mbili. Nitafute intaneti ili nipate intaneti! Aliyeiandika, nina hakika, alikuwa amekaa mahali penye waifai.

Nikachomeka simu kwa waya wa chaji, laptopu ikanyonya data ya simu, draiva ikashuka. Kitaa cha adapta kikaanza kupepesa. Nikamwita mama watoto aje ashuhudie. Nikafungua orodha ya mitandao: wa jirani upo, wa jirani mwingine upo, wangu wa GHz 2.4 upo. Wa GHz 5 haupo.

Nikalifukua boksi kwenye pipa la taka. Pembeni, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi: GHz 2.4. Basi. Hicho tu ndicho inachokijua.

Kwa hiyo nipo palepale nilipoanzia, polepole yangu imerudi, ukitoa hela za kadi na hela za adapta. Ila nilipofunga skrubu zilirudi 12. Ya 13 naisikia ikiviringika humo ndani kila nikiinua laptopu. Mke wangu anasema niifungue tena niitoe, kazi ya dakika kumi.