Usituachie Kopo Lako, Ondoka Nalo

Jiokashi ni mchezo wa kuficha makopo na kuyatafuta kwa GPS ya simu; anayelipata kopo husaini karatasi iliyomo na kuripoti kwenye ukurasa wake mtandaoni. Ukifungua ukurasa wa kopo lililotelekezwa utaijua hadithi kabla hujaimaliza. "Hatukulipata." Chini yake, "Nasi pia." Kisha anatokea msamaria aliyelifikia, anaripoti kwamba kifuniko hakipo na karatasi ya kusaini imekuwa uji. Na mwenye kopo? Yuko kwao Ulaya anakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Alikuja pwani yetu likizo ya wiki mbili, akachomeka kikopo nyuma ya bomba, akapanda ndege. Tunashukuru kwa zawadi.

Mwongozo wa mchezo hauna utata: anayeficha lazima awe na namna ya kulitunza kopo lake, na mhakiki, yule anayeidhinisha makopo mapya, hulikataa lililofichwa na mpita njia. Kwa hiyo watu wamejifunza kuandika, "Rafiki yangu wa hotelini ataliangalia." Rafiki mwenyewe ni mhudumu aliyeombwa akiwa na trei mkononi, hana akaunti ya mchezo, na mkataba wake unaisha na msimu wa watalii.

Mtasema ni plastiki tu, ina ubaya gani? Ubaya wake una kipimo, mita 161. Ndani ya umbali huo hakuna anayeruhusiwa kuweka kopo lingine mpaka la kwanza lifungwe rasmi. Chora duara hilo kwenye Mji Mkongwe wa Unguja uone maiti mmoja anavyokalia mitaa. Familia ya Malindi au Shangani inayotaka kuweka kisanduku kizuri, ikitunze yenyewe kila mwezi, inazuiwa na kikopo cha mtu ambaye hata jina la mtaa halikumbuki. Tena mtoto wa miaka minane aliyetembezwa juani saa nane mchana akakuta shimo tupu, Jumamosi ijayo hamtoi nyumbani.

Sasa kikopo chenyewe. Vile vya filamu ya kamera vilitengenezwa kuzuia mwanga, mvua haikuwa kazi yake. Mchana hewa ya ndani hupanuka na kutoka. Usiku hupoa na kuvuta hewa ya bahari, chumvi na unyevu pamoja. Masika moja tu na karatasi imekwisha. Tafuta kichupa kinene cha plastiki, kile ambacho kiwandani hupulizwa kikawa chupa ya soda, kinachofungwa kwa kizibo kilekile cha kuzungusha. Kwa kopo kubwa chukua kontena la chakula lenye vibano vinne na mpira wa silikoni. Hata hilo huvuja, na mara nyingi kosa ni la mfunguaji: pembe ya mfuko wa zipu imebanwa kwenye kifuniko, au kuna chembe za mchanga juu ya mpira. Pitisha kidole kuuzunguka mpira wote kabla ya kufunga. Kulijaribu, weka karatasi ya chooni ndani, ligandamize kwa jiwe kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi karatasi ikiwa na doa hata moja, hilo libakie la kuwekea vitumbua. Ndani weka penseli, maana wino hutapakaa. Chakula usiweke kamwe. Kweli, ndoo ya kwanza kabisa ya mchezo huu, aliyoiweka Dave Ulmer huko Oregon tarehe 3 Mei 2000, ilikuwa na kopo la maharage, lakini Ulmer hakuwa na kima.

Kuandika majiranukta, namba za GPS za mahali kopo lilipo, nako kuna balaa lake. Mchezo unatumia digrii na dakika zenye desimali. S 06° 09.500 si nyuzi 6, dakika 9 na sekunde 50. Ukichanganya umekosea mita 600 na ushei. Ukiweka N badala ya S, familia iliyotaka kwenda Forodhani inaelekezwa kusini mwa Ethiopia. Kwenye vichochoro simu huruka huku na huko kwa sababu mawimbi ya setilaiti hugonga kuta kabla ya kuifikia, kwa hiyo pima siku tofauti, chukua wastani, na uandike dokezo lenye maana. "Angalia chini" si dokezo.

Ruhusa ni lazima. Sheha, au mwenyekiti wa serikali ya mtaa kama uko bara, na mwenye nyumba. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa katika mji ulio kwenye urithi wa dunia tangu 2000 hazitobolewi wala hazipakwi gundi. Kaa mbali na benki, kambi na balozi, tumia kontena linaloonyesha kilichomo, andika nje ni kitu gani. Mwaka 2011 huko Wetherby, Uingereza, wataalamu wa mabomu walikilipua kisanduku cha jiokashi kilichotiliwa shaka. Kama huko ilikuwa hivyo, usitegemee mlinzi wa Posta au Nairobi kati akuelewe umechutama nyuma ya nguzo.

Haya, nikubali kidogo. Wapo wageni wanaopatana kweli na mwenyeji mchezaji na kuliandika jina lake kwenye ukurasa. Hao sina ugomvi nao. Na kwa mtalii anayetaka kutuachia kitu cha maana ipo EarthCache, isiyo na kopo kabisa: unamfikisha mtu kwenye mwamba, anajibu maswali ya jiolojia. Nguzo za Isimila zilizochongwa na mmomonyoko, mapango ya chokaa ya Amboni, vyote havihitaji plastiki. Ruhusa ya wenye eneo bado inahitajika.

Nanyi ndugu zetu mnaoishi Leicester na Toronto mnaokuja nyumbani Desemba msijifiche nyuma ya pasipoti. Kopo kwa bibi Pangani ni halali iwapo yupo binamu mwenye akaunti na penseli za akiba. Kama hayupo, nanyi ni watalii.

Tukiwa sisi ndio wageni, tupekue, tusaini, turudishe kopo lilipokuwa. Pakua kurasa kwenye simu kabla ya safari. Programu ya c:geo ya Android ni ya bure na huhifadhi. Kwa watoto chagua kopo ambalo ukurasa wake unaonyesha ugumu wa kulipata na ugumu wa ardhi visivyozidi 1.5 kati ya 5, saizi ndogo au ya kawaida, si mikro (vile vidogo kabisa), na uangalie lilipatikana lini mara ya mwisho. Akichukua kitu aweke chenye thamani ileile au zaidi: bangili ya shanga inafaa, kombe la baharini acha pwani. Travel Bug, kidani cha chuma chenye namba ya kufuatilia safari yake, si zawadi, ni msafiri wa kutoka kopo hadi kopo. Mtoto akiikumbatia mweleze, kisha iingizwe kwenye kopo jingine upesi. Msituni Ujerumani vaeni suruali ndefu, kuna kupe.

Kwa mwenye kopo lililokufa huku kwetu, mchezo unaruhusu kumkabidhi mwingine: unatuma ombi, anakubali, ukurasa unakuwa wake. Huna wa kumkabidhi? Mwombe mchezaji anayepita alitoe na taka zake, kisha ufunge ukurasa. Ni dakika tano za simu, hata kwenye theluji.