Maharage yanakula mkaa

Mwezi wa saba nilikuwa Dar, nyumbani kwa dada yangu Mbagala. Siku ya tatu nikamwomba anipikie maharage ya nazi. Akanyamaza kidogo. "Mdogo wangu, maharage yanakula sana mkaa. Tule dagaa leo."

Chakula chenyewe kipo dukani, tena bei yake si mbaya. Moto ndio uliomshinda.

Jioni tukaenda wote kwa muuza mkaa. Makopo ya rangi yamepangwa mstari, na vipande virefu vimesimamishwa ndani ili kopo lionekane limejaa. Dada hununua kopo asubuhi na jingine jioni. Ukipiga hesabu, gunia lingemtoka nafuu zaidi, lakini hela ya gunia haijawahi kukaa mkononi mwake kwa siku moja. Mtungi wa gesi wa kilo 6 anao. Upo chini ya meza, mtupu, umefunikwa kitambaa.

Mimi huu ni mwaka wa 11 niko Hamburg, Ujerumani. Maharage yanachemka saa mbili nzima na wala siyafikirii. Kampuni ya umeme inakata kiasi kilekile kila mwezi, kisha mwisho wa mwaka tunapiga hesabu, nani anamdai nani. Simzidi dada yangu akili wala bidii, yeye anaamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua. Nimemzidi kitu kimoja tu, kulipa polepole.

Ndiyo maana naumia nikiwasikia wenzetu wa huku wakisema watu wa Dar wanamaliza misitu kwa kutojua. Wanajua sana! Wanajua mkaa unatoka Pwani na Morogoro, na moshi wanauvuta wao na watoto wao. Serikali imetoa mkakati wa mwaka 2024, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Naunga mkono kwa moyo wote. Lakini kumpa mtu mtungi halafu ukamwachia kazi ya kuujaza kwa mkupuo ni kumpa pambo la chini ya meza. Dar tayari imeona mitungi yenye mita, unalipia kwa simu gesi ya shilingi chache, kama kopo la mkaa. Hiyo ndiyo ifike hadi Mbagala. Na jiko la presha la umeme, ambalo huivisha maharage kwa chini ya uniti moja, likopeshwe, deni likatwe kidogo kidogo kila mtu anaponunua luku, umeme wa kulipia kabla.

Usiku wa mwisho dada aliroweka maharage bila kuniambia. Kesho yake yalikula makopo mawili. Tulipomaliza kula alichukua maji kwenye kikombe, akazima makaa yaliyobaki, akayaanika ukutani ya chai ya asubuhi.