Ziwa Juu ya Shimo la Makaa: Lausitz Imepata Nini, na Nani Anaendelea Kulipa?

Anayefika leo kwenye ufukwe wa Großkoschen, Ziwa Senftenberg, mashariki mwa Ujerumani, anakuta mchanga, mashua za tanga na watoto wanaoogelea. Hapo palikuwa na mgodi wa makaa ya kahawia, aina ya makaa ya mawe. Shimo lilianza kujazwa maji mwaka 1967, na ufukwe ukafunguliwa mwaka 1973. Kila anayetetea kugeuza migodi iliyokufa kuwa maziwa ya mapumziko huanza na ziwa hili, na ana haki ya kuanza nalo.

Mwaka 1989 makaa yaliwaajiri watu karibu 80,000 katika eneo hilo la Lausitz. Ujerumani mbili zilipoungana, sehemu kubwa ya ajira hizo ilifutika ndani ya miaka michache, vijana wakahama. Mashimo yakabaki. Kuyafukia yote haikuwezekana, kwa sababu kilichotolewa kilikuwa kimeshachomwa na udongo usingetosha. Zaidi ya hapo, pampu za mgodi zikizimwa, maji ya ardhini hupanda yenyewe. Maji yangekuja tu, watu wapende wasipende. Kilichobaki kuamuliwa ni kama yatakuwa dimbwi la hatari au ziwa linaloweza kuwapa watu riziki. Wanaobeza hoteli na njia za baiskeli za Lausitz mara nyingi husahau jambo hili.

Hata hivyo, maji hayo si maji ya kawaida. Ardhi ya huko ina madini ya chuma na salfa, na yakipigwa na hewa wakati wa uchimbaji, maji yanaporudi huzaa asidi. Baadhi ya maziwa yalianza na ukali unaokaribia wa siki, na hadi leo boti maalumu huzunguka zikimwaga chokaa. Wanaoijua Bamburi, kule Mombasa, ambako machimbo ya kiwanda cha saruji yaligeuzwa msitu wa mivinje, waone tofauti: pale jiwe lenyewe ni chokaa. Lausitz chokaa hununuliwa, tena na tena. Chuma nacho huingia mitoni na kuupaka mto Spree rangi ya kutu.

Kingo pia hazitulii. Tarehe 18 Julai 2009, huko Nachterstedt, nje ya Lausitz lakini kwenye ziwa la aina hiyohiyo, ardhi iliporomoka na kuondoka na nyumba. Watu watatu walikufa, na ziwa likafungwa kwa miaka kumi. Ndiyo maana fedha za umma zilizotumika kurekebisha migodi ya zamani ya mashariki zimepita yuro bilioni 10, na kazi haijaisha.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni ziwa jipya la Cottbus, mji wa Lausitz, lililo kwenye shimo la mgodi na lenye ukubwa wa kilomita za mraba 19 hivi. Lilianza kujazwa mwaka 2019, hasa kwa maji ya Spree, na ilibidi kusimama kila ukame ulipobana. Sasa Spree yenyewe, kwa miongo mingi, imekuwa ikinenepeshwa na maji yanayopampiwa kutoka migodini. Ujerumani imepanga kuacha makaa ifikapo mwaka 2038, na hapo maji hayo ya pampu yatakoma. Idara ya mazingira ya nchi hiyo ilionya mwaka 2023 kwamba, katika miezi mikavu ya kiangazi, mto huo unaweza kupungukiwa hadi asilimia 75 ya maji yake katika baadhi ya sehemu. Berlin inautegemea kwa maji ya kunywa, na ziwa pana namna hiyo hupoteza maji mengi juani.

Na kuna Lakoma. Kilikuwa kijiji cha Wasorbi, watu wachache wenye lugha yao ya Kislavi, kikabomolewa kwa ajili ya mgodi huu wa Cottbus. Lausitz nzima vijiji zaidi ya 130 viliondolewa, kabisa au kwa sehemu. Gati haliwezi kurudisha kijiji ambako bibi na mjukuu walizungumza Kisorbi uani.

Nikipima yote, bado naunga mkono maziwa, kwa kuwa mbadala wake ni mbaya zaidi. Ninachopinga ni mpangilio wa matumizi. Fedha za chokaa, za kushindilia kingo na za kuulinda Spree zitengwe kwanza, kwa miongo, na walioondolewa vijijini wawe na sauti juu ya ardhi ya ufukweni kabla ya mwekezaji wa kwanza kukabidhiwa kiwanja.