Aliona, akanyamaza

Mbukwenyi ndugu zangu.

Huu ni mwaka wangu wa saba hapa Roma, na sijawahi kukosa jibu kama nilivyokosa Oktoba 2025 ndani ya basi namba 64. Walikuja kina mama kumi na mmoja kutoka Dodoma, hija ya Mwaka Mtakatifu, wote na vitenge vya sare, na mmoja wao ni mama yangu mdogo wa Chang'ombe. Nikaomba ruhusa kazini siku mbili niwatembeze. Basi hilo linatoka stesheni ya Termini kwenda upande wa Vatikani, linajaa mahujaji na watalii tangu asubuhi, na kila mkazi wa hapa analijua kuwa ni basi la wachomoaji. Niliwaambia kabla hatujapanda: mikoba mbele, zipu zielekee tumboni, asisimame mtu mlangoni. Wakaitikia.

Tulipofika Piazza Venezia walipanda mabinti watatu, wamevaa vizuri, mmoja kashika ramani iliyokunjuliwa kama mgeni aliyepotea. Kazi yenyewe huwa hivi: wa kwanza anakuziba njia, wa pili anafunika mkono wake kwa ramani au skafu, wa tatu anapokea na kusogea zake. Kituo kilichofuata walikuwa wameshashuka. Mama mdogo alipotafuta leso ndipo akagundua pochi haipo. Yuro 180 zimekwenda, na kitambulisho cha NIDA kimekwenda, na mnajua wenyewe alikisubiri muda gani.

Mzee mmoja aliyekaa mbele yetu, nadhifu, gazeti mapajani, akageuka akaniambia kwa upole kabisa, "Ni wale wasichana. Nimewaona. Wako humu kila siku."

Nikamtafsiria mama mdogo. Akaniuliza, "Aliona?"

Nikasema ndiyo.

"Akanyamaza?"

Tangu siku hiyo swali hilo limenikaa. Pesa hakuzililia. Alichokuwa akikitazama njia nzima ni kisogo cha yule mzee, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya mbali.

Nyie mnaijua Dodoma. Ukipita Sabasaba simu yako ikiwa imechungulia mfukoni, utafika mwisho wa soko umeambiwa na watu wangapi? Mama wa nyanya atakwambia. Kijana wa mitumba atakwambia. Konda wa daladala, huyo huyo aliyekutukana kwa sababu ya chenji, akiona mtu anakusogelea visivyo atagonga bati na kusema, "Dada, begi lako." Halafu anaendelea kuita abiria. Hakujui, hataki shukrani. Ni neno linalotoka lenyewe, kama mtu anavyosema pole ukijikwaa.

Hapa neno hilo limeachiwa mashine. Pale Termini kipaza sauti kinarudia kutwa nzima, kwa Kiitaliano na Kiingereza, kwamba wasafiri wajihadhari na wezi wa mifukoni. Kimeshasema, basi, abiria hana haja ya kusema. Lakini kipaza sauti hakina macho. Kinamwambia kila mtu ajihadhari na hakimwambii nani ajihadhari na nani, na mwizi naye amesimama hapo hapo anakisikia. Mara nyingi nimewatazama watalii tangazo likipita: kila mmoja anagusa pochi yake kuhakikisha ipo. Kwa hiyo amemwonyesha kila anayemtazama ilipo.

Mnakumbuka ile video ya mwaka 2023 ya mama mmoja wa Venice anayepaza sauti "Attenzione, pickpocket!" kwenye vivuko na madaraja? Dunia nzima iliicheka, watu wakaitilia muziki. Yule mama na wenzake wana kikundi cha raia kinachofanya kazi hiyo kwa miaka mingi, bure, mvua na jua. Mimi nilipoiona sikucheka, nilishangaa. Mtu mzima anawatahadharisha wageni wa mji wake, hilo limekuwa kioja cha kuzunguka sayari nzima? Shangazi yangu anafanya hivyo soko la Majengo kila Jumamosi na hakuna aliyewahi kumpiga picha.

Niwatendee haki wenyeji wangu. Nimewauliza majirani, nimewauliza ninaofanya nao kazi, na jibu ni lile lile: wamechoka. Tangu mwisho wa mwaka 2022 sheria ya Italia inataka, kwa wizi mwingi wa namba hii, aliyeibiwa mwenyewe awasilishe malalamiko rasmi ndipo kesi iendelee, na ana miezi 3 ya kufanya hivyo. Ikifika mahakamani akaitwa kutoa ushahidi asitokee bila sababu, anaweza kuhesabiwa kwamba ameyafuta malalamiko yake. Sasa nani anaibiwa kwenye basi namba 64? Mgeni. Ndege yake ni Alhamisi. Sisi tulikwenda kituo cha polisi, nikawa mkalimani, afisa alikuwa mstaarabu, akaandika kila kitu, akampa mama mdogo nakala yenye mhuri. Hata wangekamatwa jioni ile, shahidi wao mkuu angekuwa Dodoma anapalilia karanga. Mzee wa gazeti ameyaona haya miaka nenda rudi. Nadhani aliwahi kusema zamani, akaona hakuna kilichobadilika, akaamua kusoma gazeti lake. Namwelewa. Ila kumwelewa hakujanipa jibu la kumpa mama mdogo.

Najua kuna watakaonivaa. Kuna ndugu atasema, "Ulaya imekushinda, rudi, huko tunakuona tu unapanda mabasi ya Wazungu halafu unatuletea malalamiko." Ndugu yangu, sijasema imenishinda. Nakula kwa jasho langu hapa na naupenda mji huu, napenda asubuhi zake na maji ya mabomba yake ya barabarani yanayotiririka bure. Nimesema jambo moja tu, kwamba kwetu kuna kitu ambacho watu hawa matajiri kimewatoka, na nimekitambua siku kilipokosekana. Kama kuisifia Sabasaba nikiwa Roma ni majivuno, basi nina majivuno.

Mwingine atasema, "Acha kutupamba, sisi tunachoma watu." Huyu ananiumiza, kwa sababu anasema kweli na mimi nilikuwepo. Mwaka 2011, nyuma ya soko la Majengo, mtu alipiga kelele za mwizi na mimi nikapiga pamoja na wengine. Nilikuwa sijaona kitu. Nilisikia sauti nikaongeza yangu. Alikuwa mvulana wa miaka kama kumi na sita, kandambili moja imemvuka. Askari wa doria walitokea kabla tairi halijafika, wakamtoa hai, mkono umevunjika. Sikuwahi kujua kama kweli aliiba. Ile sauti ilikuwa na yangu ndani yake, sijaisahau, na sitaitetea mbele ya yeyote.

Lakini jamani, hizi ni sauti mbili. "Mwizi!" inakuja baada ya mkono kuingia, na haimhusu tena aliyeibiwa, inamtafuta wa kupigwa. "Dada, begi lako" inakuja kabla. Haimwiti mtu jina baya, haikusanyi kundi, na kijana aliyekuwa amenyoosha mkono anaurudisha na kuondoka na meno yake yote. Ninayoitamani Roma ni hii ya pili. Na hata kwetu, tungeitumia zaidi hii ya pili, ile ya kwanza isingekuwa na kazi kubwa.

Wapo pia wa upande wa huku, nao nawajibu ingawa hawasomi Kiswahili. Wanasema wezi ni wageni, ni wahamiaji. Nimekaa kwenye hilo basi bibi mmoja akauhamisha mkoba wake upande wa pili nilipokaa, wakati mwanamume aliyesimama nyuma yake anapapasa begi la mtalii. Nilimwambia bibi, nikamwambia na mtalii. Mtalii alinikazia macho mimi. Wale vijana wa pale Colosseum wanaokufunga uzi mkononi wakisema ni zawadi kisha wanadai pesa, ndiyo, wengi ni Waafrika wenzangu. Wananiita sista, wananiambia Afrika ni moja, halafu wanataka yuro kumi. Nakasirika, na papo hapo namwona kijana aliyevuka bahari akakosa kibali cha kazi. Hasira na huruma vinakaa kifuani mwangu pamoja na sijui kimoja nikiweke wapi. Ila utapeli hauna pasipoti. Mwaka 2018 kule Venice, karibu na uwanja wa San Marco, wanafunzi wanne kutoka Japani waliletewa bili ya zaidi ya yuro 1,100 kwa chakula cha kawaida, nyama na samaki na maji. Pale hakuna mkono ulioingia mfukoni mwa mtu. Ilikuja bili iliyochapwa, na meza za jirani zikaendelea kula.

Na hapa ndipo hasira yangu inaporudi nyumbani, maana nilipofika kwenye hizo meza za jirani nilituona sisi.

Bunge la bajeti likianza Aprili, gesti zetu zinafanya nini? Mnajua. Chumba kile kile, feni ile ile inayolia, bei nyingine. Tunasema ni biashara. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mgeni anashuka na begi lake, anauliza bodaboda, anatajiwa elfu kumi kwa safari ya elfu mbili. Na bodaboda wengine kumi wako pale, wameketi juu ya pikipiki zao, wanasikia. Nani anasema, "Kaka, hiyo bei sio"? Sijawahi kumsikia. Nilishuka hapo mwenyewe mwaka jana nikiwa na sanduku lenye karatasi za uwanja wa ndege, nikatajiwa bei ya mgeni, na niliposema kwa Kigogo wote wakacheka na bei ikashuka. Je, asiyejua Kigogo? Mtalii anayekuja kutafuta gari la kwenda Kolo kuona michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, huyo ananyamaziwa na kijiwe kizima. Tunalinda pochi ya mtu isichomolewe, kisha tunakaa kimya akiombwa aifungue mwenyewe.

Tena kuna mwizi aliyetukimbilia kwenye simu, mahali ambapo mama wa nyanya hawezi kumwona. "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Nani hajapata? Jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu, alituma laki tatu akidhani ni fundi wake wa bati. Aligundua ndani ya saa moja. Alikaa na jambo hilo miezi minne kwa aibu, na katika miezi hiyo minne watu wawili wa mtaa ule ule wakatuma kwa maneno yale yale. Namba 15040 ya kupeleka ujumbe wa matapeli ipo, mamlaka wameitangaza. Kuipeleka ni sekunde chache. Lakini tunaufuta ujumbe, tunasonya, tunaendelea, na huko kufuta ndiko kusoma gazeti kwenye basi. Angesema yule mwalimu. Angetoka tu barazani siku ile akasema, "Jamani nimetapeliwa, namba yenyewe hii."

Narudi kwa mama mdogo, kwa sababu hamjasikia alivyofanya.

Siku ya mwisho ya hija wenzake walitaka teksi. Yeye akakataa, akasema tutapanda basi lile lile. Yuro moja na nusu kila mmoja, tukakata tiketi, tukapanda upande wa Vatikani saa kumi jioni, watu wamebanana. Pesa zake zilizobaki, alizokopeshwa na wenzake, alikuwa amezifunga kwenye pindo la kanga ndani ya nguo. Akasimama katikati ya basi, akashika bomba, na kila mlango ulipofunguka alipaza sauti kwa Kiswahili, "Mikoba mbele!" Kina mama wenzake wakaitikia, "Mbele!" Watu wakageuka. Kijana mmoja wa Kikorea, sijui alielewa nini, akalivua begi lake mgongoni akalikumbatia. Mama mmoja wa Kiitaliano naye akavuta zipu yake.

Tulipokaribia Via Nazionale walipanda mabinti wawili, ramani mkononi. Sikuweza kuapa kwamba ni wale wale na sikutaka kuapa. Mama mdogo hakuwanyooshea kidole. Aliwatazama, akasema tena, "Mikoba mbele!" Safari hii sauti ya kwanza kuitikia ilikuwa yangu. Wale mabinti wakashuka kituo kilichofuata.

Bibi mmoja mwenye fimbo akaniuliza yule mama anasema nini. Nikamwambia. Akafikiri kidogo, akaniomba nimfundishe maneno yale polepole, na tulipofika Termini alikuwa bado anayarudia.