Wanasukuma wote, anashuka kaka

Asubuhi mapema kwenye barabara ya Sake, chukudu, yale magari ya mti ya magurudumu mawili, huingia Goma zikiwa na magunia ya makaa. Penye kilima mvulana hushika usukani, dada yake huinama nyuma mikono ikiwa kwenye gunia, wanasukuma pamoja mpaka juu. Wakifika kileleni dada hujipangusa jasho na kusogea kando. Kaka huweka goti kwenye ubao, anajiachia, na gari la mti linateremka kwa kishindo. Dada hufuata kwa miguu. Siku moja nilimuuliza mzee anayezichonga kwa nini wasichana hawaziendeshi. Alinijibu bila kuinua macho kwenye panga lake: “Mtikisiko unaharibu kizazi.”

Nilicheka. Baadaye nikakumbuka kwamba jibu karibu lilelile liliwahi kutolewa Ulaya na bwana aliyevaa tai. Mwaka 2005 Gian Franco Kasper, aliyekuwa rais wa shirikisho la kimataifa la skii, yaani michezo ya kuteleza juu ya theluji (FIS), alisema kwamba kuruka kwa skii, ule mchezo wa kuteleza kwenye njia ndefu ya mteremko kisha kupaa hewani, kwa upande wa utabibu hakuonekani kuwafaa wanawake. Hoja yake ilikuwa kutua: kutua kule ni kama kujirusha chini kutoka kimo cha mita mbili, mara elfu kwa mwaka. Wanaume walikuwa wakiruka kwenye Olimpiki tangu Chamonix mwaka 1924. Wanawake waliruhusiwa Sochi mwaka 2014. Miaka 90!

Najua msomaji wa Goma atauliza skii inatuhusu nini. Theluji yetu ni ile kofia nyeupe inayokaa juu ya mlima Karisimbi baada ya usiku wa mvua ya baridi, na saa nne jua limeshaivua. Lakini jambo ninalolifuatilia siyo theluji. Ni swali la nani anaruhusiwa kushuka, na anayemzuia anatoa sababu gani.

Sababu ya mwili imeshindwa vibaya. Kabla ya Olimpiki ya Vancouver ya 2010, aliyeshikilia rekodi ya mruko mrefu kwenye kilima kidogo cha kule Whistler, ukihesabu wanaume na wanawake pamoja, alikuwa Mmarekani Lindsey Van. Mwaka uliotangulia alikuwa ameshinda ubingwa wa kwanza wa dunia wa wanawake. Olimpiki ilipofika, alitazama. Yeye na wenzake walikuwa wamekwenda mahakamani Kanada. Jaji alikubali kwamba wanabaguliwa, kisha akasema sheria ya nchi yake haina nguvu juu ya Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa (IOC). Unashinda hoja na unarudi nyumbani mikono mitupu. Sisi Wakongo hukumu za namna hiyo hatuhitaji kufafanuliwa. Na ukitaka kupima hoja ya Kasper kwa macho yako, nenda Birere uwaangalie akina mama wanaobeba unga, kamba ikiwa imekatiza kwenye paji la uso. Mwili huo hakuna anayeuonea huruma ya kitabibu.

Hata hivyo si kila kinachosemwa upande wa pili ni porojo. Goti la mwanamke kwenye skii ni tatizo la kweli: kano ya mbele ya ndani ya goti hukatika kwa wanawake mara nyingi zaidi kuliko kwa wanaume, na kupona kwake ni miezi mingi. Lindsey Vonn, malkia wa mbio za kushuka, alistaafu mwaka 2019 akiwa na ushindi 82 na magoti yaliyochoka kabisa, kisha akarudi mashindanoni akiwa na goti lililowekewa sehemu bandia. Mtu anayesema njia za wanawake zipimwe kwa uangalifu hawezi kuitwa adui. Ninachokataa mimi ni kuruka kutoka “tuwe waangalifu” hadi “msije”. Wanaume nao wanavunjika kila msimu, tena vibaya, na hakuna aliyewahi kuwafungia mlango kwa ajili ya afya yao.

Hoja nzito kuliko zote ni ya idadi, na imejitokeza kwenye mchezo unaounganisha kuruka na mbio za masafa za skii, Nordic combined. Huo ndio mchezo pekee wa Olimpiki ya majira ya baridi uliobaki bila wanawake, hata Milano Cortina mwaka 2026. IOC ilipoamua hivyo Juni 2022 haikutaja kizazi cha mtu. Ilitaja hesabu. Hata kwa wanaume, medali 27 za Olimpiki tatu zilizotangulia zilikuwa zimegawanywa na nchi nne tu, na watazamaji walikuwa wachache mno. Wanawake walikuwa wamefanya mashindano ya dunia mara moja, mwaka 2021, na Norwe ikazoa medali zote tatu. Ukiwa unaendesha michezo ya dunia nzima, kwa nini uongeze meza ambayo jirani wanne tu ndio wanaokula?

Hoja hii ina mantiki. Udhaifu wake ni kwamba inamdai msichana awe amefika kabla hajaruhusiwa kuondoka. Shirikisho la nchi ndogo halitamlipa kocha wala kununua skii kwa mchezo usio na Olimpiki, kwa hiyo nchi zinabaki chache, na uchache huo ndio unaorudishwa mezani kama ushahidi dhidi yake. Mmarekani Annika Malacinski amekuwa akilalamika hadharani. Mdogo wake wa kiume, Niklas, yuko kwenye mchezo uleule na kwake Olimpiki iko wazi. Dada na kaka, kilima kimoja. Tena hesabu zile zilikuwa za wanaume, lakini wanaume waliachwa waendelee.

Kwenye pesa hali ni ya mchanganyiko. Skii ya milimani inastahili sifa: kiwango cha chini cha zawadi za Kombe la Dunia ni kimoja kwa wote. Mmarekani Mikaela Shiffrin alivunja rekodi ya bwana Ingemar Stenmark wa Sweden ya ushindi 86 Machi 2023, akafikisha 100 Februari 2025, na hakuna mwanamume anayemkaribia. Lakini kwenye kuruka, Desemba 2024 kule Garmisch-Partenkirchen, Mjerumani Selina Freitag aliongoza raundi ya mchujo akapewa mfuko wenye sabuni ya kuogea, shampuu na taulo nne. Mwanamume aliyeongoza mchujo kwenye kilima hichohicho alipewa takriban euro 3,000. Watasema ni soko, wadhamini wako kwa wanaume. Sawa, soko linaweza kueleza pengo la pesa. Taulo sijui linazielezaje.

Kuna sehemu moja ambapo mimi mwenyewe nasitasita. Tangu msimu wa 2022/23 wanawake wa mbio za masafa kwenye Kombe la Dunia wanakimbia umbali sawa na wanaume, na Milano Cortina wote walipangiwa kilomita 50, pale ambapo zamani wanawake walikuwa na 30. Wapo wakimbiaji wanawake ambao hawakufurahi, na swali lao si la uvivu: kwa nini usawa uwe kwenda kwenye kipimo cha mwanamume? Kwa nini wanaume wasishuke hadi 30? Sina jibu la haraka. Naona tu kwamba safari hii waliogawanyika ni pamoja na wanawake wenyewe, na hilo ni tofauti kubwa na mwaka 2005.

Halafu kuna kufuli jingine ambalo watetezi wa Ulaya hulisahau. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, aliiwakilisha Kenya mwaka 2018 akiwa mwanamke wa kwanza wa nchi hiyo kwenye Olimpiki ya baridi. Mialitiana Clerc wa Madagaska alishiriki mwaka 2018 na 2022. Lakini mmoja alihamia Austria akiwa mtoto mdogo, baba yake wa kambo akiwa na lifti ya skii, na mwingine alilelewa na familia ya Ufaransa. Usawa wa zawadi haumsaidii ambaye hana hata njia ya kufika mlimani.

Wiki hiyo nilipoongea na mzee wa chukudu, nilimwonyesha mjukuu wake wa kike picha ya Shiffrin kwenye simu. Aliitazama sana, akaikuza kwa vidole viwili.

“Mama huyu anashuka peke yake?”

“Peke yake.”

“Na kupanda, nani anamsukumia?”

Nikamweleza kwamba kuna viti vinavyoning’inia kwenye waya, unakaa, mashine inakuvuta mpaka juu. Alimgeukia babu yake, ambaye sasa alikuwa ameinua kichwa.

“Babu, hata kupanda hasukumi.”