Mark wa Ndani Hakudanganywa

Kama hujamaliza msimu wa pili wa Severance, ile tamthilia ya wafanyakazi wa kampuni ya Lumon wenye chipu kichwani inayotenganisha mtu wa kazini (wa ndani) na yule wa nyumbani (wa nje), nenda kamalize kwanza, maana humu sifichi kitu.

Tangu sehemu ya mwisho ilipotoka Machi 20, 2025, kuna nadharia moja inayonikera kila ninapokutana nayo. Inasema yule mwanamke aliyesimama mwisho wa korido, ambaye Mark wa ndani alimfuata akamwacha Gemma, mke wa Mark wa nje aliyekuwa amefungiwa na Lumon, akigonga mlango wa ngazi na kumwita kwa kilio, si Helly, mpenzi wake wa kazini. Eti ni Helena Eagan, yaani Helly wa nje, binti wa mkuu wa Lumon, ameshuka tena kujifanya mfanyakazi. Ushahidi wao? Jinsi alivyotazama.

Najua ujasiri huo wameutoa wapi. Mashabiki walishapatia mara moja. Msimu ulipoanza, Helly aliwasimulia wenzake kwamba alipozinduka huko nje alimwona mtunza bustani akifanya kazi usiku, na watu wakashtuka pale pale, kwa sababu sote tulikuwa tumemwona akizindukia kwenye hafla ya Lumon na kugundua yeye ni nani. Sasa anadanganya ili iweje? Jibu likaja sehemu ya nne, mfanyakazi mwenzao Irving alipomkandamiza kichwa kwenye maji ya baridi mpaka msimamizi wao Milchick akaamuru Helly halisi arudishwe. Irving naye alikuwa ameshikilia uongo ule ule wa mtunza bustani, ila alikuwa na hoja nzito zaidi: Helly hakuwahi kuwa mkatili.

Basi tumieni kipimo hicho hicho mwishoni. Helena angefaidika nini Gemma akitoka? Mwanamke aliyesaidia kumfungia Milchick chooni, akapanda juu ya meza kuihutubia bendi nzima isimame upande wao, huyo ndiye Helly ninayemjua. Na kabla ya hapo alikuwa amemsihi Mark aende, kwa kuwa yeye mwenyewe huko nje hana maisha, mwili wake ni wa Helena.

Lakini kinachoniuma hasa ni hiki: nadharia hiyo inamnyang'anya Mark uamuzi wake. Inamgeuza mjinga aliyelaghaiwa, ili sisi tusilazimike kukubali kwamba aliamua akiwa na akili zake timamu.

Rudini kwenye kile kibanda chenye kamera. Mark wa nje na Mark wa ndani wana kichwa kimoja chenye chipu. Huyu akiamka, yule hayupo. Hawawezi kukaa meza moja, kwa hiyo wanatumiana video. Huyu anajirekodi, anavuka mlango, mwenzake anazinduka, anatazama, anajibu. Wa nje anaanza kwa upole, anaomba radhi, anaahidi kwamba wakiunganishwa watakuwa mtu mmoja mwenye kumbukumbu zote. Wa ndani anapiga hesabu. Yeye ana miaka miwili ya ofisini, mwenzake ana maisha mazima. Vikichanganywa, atakayebaki ni nani? Na hapo wa nje anajaribu kumtaja mpenzi wa mwenzake, anasema “Heleny”.

Hajui hata jina! Anamwomba mtu ahatarishe kila alicho nacho, na yule atakayempoteza hajahangaika kujua anaitwaje. Adam Scott anacheza pande zote mbili, na uso wa Mark wa ndani anaposikia jina lile unabadilika kidogo tu. Kwangu mimi uamuzi ulifanyika pale, saa nzima kabla ya korido.

Hata hivyo, kazi aliyoombwa aliifanya. Alipigana na Drummond, kigogo wa Lumon, akavuja damu, akashuka kwa lifti mpaka ghorofa ambako wa nje angezinduka amchukue mkewe, na walipopanda tena akazinduka akiwa amesimama na Ms. Casey, yaani Gemma wa ndani, akakimbia naye mpaka mlangoni. Gemma alitoka. Lililobaki lilikuwa yeye mwenyewe kuvuka mlango huo na kutokuwepo tena. Kukataa hilo siwezi kukuita usaliti.

Kuna jambo moja tu ambalo sina la kumtetea, na nashangaa nadharia haziligusi. Ms. Casey ndiye Gemma wa ghorofa ile, aliyeletwa na chipu kama Mark alivyoletwa. Katika msimu wa kwanza alisema maisha yake yote yalikuwa saa 107, na zilizompendeza zaidi ni nane alizokaa ofisini na akina Mark akimchunga Helly. Pale ngazini hakuelewa kinachoendelea. Mark alimhimiza apite, akapita, na upande wa pili akawa Gemma. Mark aliyekataa kuvuka kizingiti kile ndiye aliyemvusha mwenzake, na hakumwambia kuna nini upande wa pili.

Msimu wa tatu ukija, nataka kuona kama atamkumbuka.